Kompyuta Iliyowapenda Watu wa Bura

Kwa miezi minne mizima niliamini kwamba kompyuta ya kliniki yetu inawapenda watu wa Bura kuliko watu wa Garissa mjini. Sikuliamini jambo hilo kimzaha. Nilikuwa na jedwali. Nililipiga mistari kwa rula, safu saba, na kila Ijumaa kabla ya swala nililijaza kwa kalamu mbili, nyeusi kwa mgonjwa ambaye kumbukumbu yake imebaki, nyekundu kwa ambaye kumbukumbu yake imetoweka. Wa Bura walikuwa weusi karibu wote. Wa mjini, hasa wale wanaokaa karibu na kliniki kiasi cha kusikia kengele yetu, walikuwa wekundu kama wamechinjwa.

Nawaandikia nyinyi mliochukua kazi yetu ya kufuatilia wagonjwa wa kifua kikuu. Simu zenu zinapeleka habari zenyewe hewani; hamjafika mlangoni, tayari jina la mgonjwa limeshafika linakokwenda. Sisi tulipitia hatua ya katikati, baada ya daftari na kabla ya simu hizo, na katika hatua hiyo mimi nilifanya kosa ambalo mtu mvivu asingeweza kulifanya. Lilihitaji mtu makini.

Kwanza mjue nilikuwa nani pale. Sikusomea kompyuta. Nilianza kliniki nikiwa mlinzi wa lango, nikapanda hadi mbeba mafaili, na kompyuta nilijifunza peke yangu kwa kitabu nilichokiokota, kilichokosa kurasa arobaini za mwanzo. Ndiyo maana hadi leo najua sana kurekebisha mambo na sijui vizuri kuyaanza. Lakini katika nchi ya watu wasiojua, mwenye nusu kitabu ni mwanachuoni. Mwende, karani wa kumbukumbu, mwanamke wa Kitui aliyekuwa ameishi Garissa muda mrefu hata akawa anaapa "wallahi" kuliko sisi, alinipa jina la Injinia. Alikuwa ananidhihaki. Mimi nililipokea kama cheo.

Kifaa chenyewe kilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, na kijiti kidogo cha kubonyezea. Hakikuwa na laini ya simu. Ulikwenda nacho kwa wagonjwa, ukaandika nani amepewa dawa, nani anakohoa bado, nani amehama na mifugo. Kisha ukarudi ofisini, ukakiunga kwa waya kwenye kompyuta ya Mwende, na hivyo viwili vikalinganisha vilivyo navyo mpaka vikawa na habari moja. Wote waliita jambo hilo "kusinki". Mimi, kwa kuwa nilikuwa na kamusi, nilisisitiza tuite "kuoanisha".

Nilijuta. Mwende hakuliacha neno hilo lipite.

"Injinia, leo umeoanisha?"

"Nimeoanisha."

"Na bibi harusi amekubali?"

Basi ikawa hivyo. Kuunga waya ni nikaha, kuchomoa ni talaka, na siku kompyuta ilipogoma kabisa kukitambua kifaa alitoka nje akawatangazia wagonjwa waliokaa kwenye benchi kwamba ndoa imevunjika, na mahari hairudishwi.

Mengi ya kazi hiyo hayakuwa ya kompyuta hata kidogo, na hayo nataka myajue kabla ya upuuzi wangu. Aliyenifundisha ni muuguzi aliyeitwa Gedi, mtu mwembamba, mpole, asiyependa kuuliza swali ambalo jibu lake linaweza kuwa uongo. Siku ya kwanza nilipofuatana naye nilimwuliza mgonjwa, "Umemeza dawa?" Mgonjwa akasema amemeza. Gedi akanivuta kando.

"Waryaa Noor," akaniita, kama unavyomwita mtu unayetaka aamke, "ukimwuliza mtu kama ameswali, atakwambia nini?"

"Kwamba ameswali."

"Basi usiulize hivyo. Uliza mkojo wake asubuhi ulikuwa na rangi gani."

Dawa ile, kama mnavyojua, hubadilisha mkojo ukawa mwekundu wa machungwa. Anayeimeza ataeleza rangi hiyo kwa mshangao na malalamiko, na asiyeimeza atasema ulikuwa wa kawaida, alhamdulillahi. Sijaona kifaa kilichopita swali hilo. Jingine: msimwulize mfugaji atakuwa wapi wiki ijayo, hajui, mwulizeni atanywesha ngamia kisima gani. Kisima hakihami. Na dawa mkizifunga pikipikini, zifungeni upande usiopigwa na jua la asubuhi mkielekea kusini. Hayo yote Gedi alinifundisha bila kitabu, na alipostaafu akaniachia kofia yake. Kilipokuja kifaa alikuwa keshaondoka. Nafikiri angekuwepo ningeaibika mapema zaidi.

Kasoro yangu moja mimi mwenyewe naijua, na Wasomali wenzangu wataielewa. P na B kwangu ni watoto wa baba mmoja. Wiki ya tatu ya kifaa nilikuwa Bura, kikaomba nywila, nikawa nimeisahau. Nikampigia Mwende simu.

"Inaanza na P," akasema.

"B ya nini?"

"P! P ya Paris."

"Ndiyo nakuuliza. B ya Baris, au B ya baba?"

Nikasikia akimwambia mtu pale ofisini, "Njoo uzungumze na huyu, mimi nimeshindwa." Nilijaribu mara tatu, kifaa kikajifunga. Nikakaa kivulini mwa duka, nikijaribu kukifungua kwa namna zote nilizosoma katika kitabu changu, hadi betri ikaisha kabisa. Mwenye duka alikuwa na kioo cha sola juu ya bati, akakichaji. Kilipofufuka kilikuwa kimesahau kila kitu, hata nywila, hata tarehe, kama mtu aliyezimia. Kikauliza leo ni siku gani na sasa ni saa ngapi. Nikakijibu kwa uangalifu mkubwa, nikapangusa kioo kwa kanzu, nikaendelea na kazi. Nilijisifu sana siku hiyo. Nilimwambia Mwende kwamba kifaa kinaweza kufa na mimi nikakifufua.

Kuanzia wiki hiyo kumbukumbu zikaanza kutoweka.

Nieleze jinsi zilivyotoweka, maana haikuwa wazi. Nilikwenda kwa mgonjwa, nikaandika. Nilimwona kwenye kioo, jina lake, dawa zake, tarehe. Nikarudi ofisini, nikaunga waya. Mshale wa kijani ukazunguka, kompyuta ikasema imemaliza, hakuna kosa. Nikafungua jina la mgonjwa: ziara yangu haipo. Haipo kwenye kompyuta, na sasa haipo hata kwenye kifaa. Vilikuwa vimekubaliana, wapenzi wale wawili, kwamba sikwenda popote.

Aliyeumia zaidi kwa jambo hili, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyelijua bado, aliitwa Hubi. Hubi alikuwa muuza maziwa ya ngamia. Wanawake wa maziwa mjini kwetu wanakaa safu moja, kila mmoja na jerikeni zake na kikombe chake cha kuonjesha, na nafasi ya kukaa kwenye safu ile si kitu unachokipata kwa kuja mapema. Unarithi, au unapewa. Hubi alipogunduliwa ana kifua kikuu, alijiondoa mwenyewe kabla hajaambiwa. Wenzake walimwekea nafasi yake, kwa sharti moja: arudi na barua ya kliniki inayosema amemaliza miezi sita ya dawa bila kukosa. Walikuwa na haki; nani atanunua maziwa kwa mtu ambaye watu wanamhofia kikohozi? Lakini mwanamke mwingine alikuwa keshaanza kuulizia nafasi ile, na safu haikai na pengo milele.

Hubi alimeza dawa kama mtu anayelipa kisasi. Nilikuwa nikimpelekea kwenye bula yake, kitongoji cha pembeni mwa mji, kila wiki, wa kwanza kabisa katika safari yangu, kwa sababu nyumba yake ilikuwa njiani nikitoka. Alinieleza rangi ya mkojo kabla sijauliza. "Abti," aliniambia, yaani mjomba, maana ukoo wa mama yake unatukutanisha mahali fulani, "usiulize. Leo ni Fanta."

Sasa rudini kwenye jedwali langu. Mtu wa kawaida angeona kumbukumbu za wagonjwa zinapotea, angezirudisha kwenye karatasi, na angeripoti. Mimi sikuwa mtu wa kawaida, nilikuwa Injinia. Nilisema nitaziandika zote upya nikishapata chanzo. Kurekebisha bila kujua chanzo ni kupaka rangi ukuta wenye mchwa, hiyo ilikuwa katika kitabu changu, kwenye moja ya kurasa zilizobaki. Kwa hiyo sikurudisha kumbukumbu. Nilitafuta chanzo.

Nadharia ya kwanza ilikuwa waya. Nikanunua wa pili. Ya pili ilikuwa vumbi. Nikashona mfuko wa ngozi ya mbuzi wenye kifuniko, nikawa natembea kama mtu aliyebeba hirizi, na mzee mmoja akaniuliza kama nasoma dua kwa wagonjwa au nawapa dawa. Ya tatu ilikuwa joto, nikakifunga kwa kitambaa kibichi, na hiyo karibu ikiue kabisa. Ya nne ilikuwa funguo za pikipiki, kwamba zina sumaku. Kwa wiki mbili niliziweka kwenye soksi.

Kisha nikagundua ule mtindo wa Bura, na hapo ndipo nikapotea kabisa, kwa sababu ulikuwa wa kweli. Wagonjwa wa mbali walibaki; wa karibu walitoweka. Niliukagua mara tatu. Nikaamua kwamba kifaa kinahitaji kutikiswa. Nilifikiri pikipiki inapopita kwenye mashimo ya barabara kwa saa kadhaa, kuna kitu ndani kinakaa sawa. Msicheke, niliijaribu nadharia hiyo kisayansi: nilimzungukia Hubi, nikaandika ziara yake, halafu nikapanda pikipiki nikaenda na kurudi kwenye barabara mbovu bila sababu yoyote, kisha nikaunga waya. Ikatoweka vilevile. Nikaandika kwenye jedwali: "Kutikisa hakutoshi."

"Kompyuta imeoa Bura," Mwende akasema. "Sisi wa mjini ni mke mkubwa."

Yeye naye alikuwa na shida yake. Kila asubuhi akifika kazini alifungua orodha ya wagonjwa wote na kuhesabu dawa zilizobaki kwenye kabati, na kila wiki dawa zilikuwa zimepungua bila kuonekana aliyezichukua. "Injinia, dawa zinatoka bila mwenyewe," aliniambia. Nikamwambia hiyo ni idara yake.

Miezi sita ya Hubi ikatimia. Makohozi yake yalipimwa, yakawa safi. Akaoga, akavaa baibui mpya, akaja kuchukua barua yake. Mkuu wa kliniki, daktari aliyependa sheria kwa sababu sheria haibishani, akafungua kompyuta. Kompyuta ikasema mgonjwa huyu alionekana mara ya mwisho mwezi wa pili wa dawa. Mbele ya jina lake palikuwa na neno moja: amepotea.

"Aliyepotea huanza upya," daktari akasema. "Miezi sita mingine. Makohozi safi leo hayaniambii atakuwaje mwakani, kama alikatiza dawa."

Akampeleka kwa Mwende afunguliwe faili jipya. Nilipoingia nikitoka kwa wagonjwa wa bula ya jirani, nilimkuta Hubi amesimama mbele ya meza, na Mwende ameinua mikono kama anayetishwa na mwizi. Hubi alizungumza Kiswahili, kwa ajili ya Mwende, Kiswahili chetu sisi wa hapa.

"Mimi nimebotea wafi? Mimi niko bula yangu! Huyu Noor anakuja kila wiki, ananikuta, mimi nimebotea wafi?"

Kisha akafungua mfuko wa plastiki na kuumimina mezani. Zilikuwa pakiti tupu za vidonge, zote alizomeza tangu siku ya kwanza, zimefungwa kwa uzi kwa mafungu, kila wiki fungu lake. Zilifunika kibodi ya Mwende.

"Hii dawa nimekula mimi au nimelisha mbuzi?"

Hakulia. Ningependa angelia. Alinigeukia, akaniambia kwa Kisomali, kwa sauti ya chini: "Abti, kesho kutwa wanampa yule mwanamke nafasi yangu. Waambie niliwahi kukosa siku gani."

Nilijua hakukosa hata siku moja. Na sikuwa na kitu cha kuonyesha. Nilikuwa na jedwali la rangi mbili lililoonyesha jinsi Bura inavyopendwa.

Mwende, kwa kuwa alikuwa na akili kuliko mimi, hakutafuta chanzo. "Injinia, mwandike hapahapa. Ziara ya leo. Ione mbele yangu, halafu uunge."

Nikaandika. Jina, dawa, rangi ya mkojo. Wote watatu tukaiona kwenye kioo. Nikaunga waya, mshale wa kijani ukazunguka. Hubi akainama akatazama karibu kabisa, pumzi yake kwenye kioo. Mshale ukasimama. Ziara ikatoweka.

"Subhanallah," Hubi akasema.

Mwende akavuta karatasi ya kuripoti hitilafu. Hiyo karatasi ilikuwa pale miezi yote. Mimi niliidharau kwa kuwa ilikuwa fupi. Swali la kwanza lilikuwa saa ya tukio.

"Sasa ni saa ngapi?" akauliza.

Nikatazama kifaa. "Saa nne kasoro tano."

Akatazama saa yake ya mkononi. "Ndiyo. Saa nne kasoro tano." Akaandika. Kisha akanyoosha shingo kutazama kifaa changu, akaacha kuandika.

"Injinia. Hiki kinasema saa nne kasoro tano."

"Ndiyo."

"Lakini ni saa nne kasoro tano."

"Ndiyo nakwambia!"

"La, sikiliza. Kinasema tatu, na dakika hamsini na tano."

"Na wewe saa yako inasema ngapi?"

"Tisa na hamsini na tano."

"Yaani saa nne kasoro tano."

"Ndiyo!"

Hubi alimtazama huyu, akamtazama yule. "Nyinyi mnakubaliana," akasema. "Sasa mnagombania nini?"

Sijui kama niliwahi kusikia baridi Garissa, lakini siku ile niliisikia, kuanzia kisogoni.

Baba yangu alikuwa mchunga ngamia, na alikuwa na saa moja ya mkononi maisha yake yote. Ilipokuwa saa mbili asubuhi, mshale wake ulikuwa kwenye mbili. Hakuona maana ya saa inayoonyesha nane wakati kila mtu, mpaka ngamia, anajua ni saa mbili. Aliiita saa ya namna hiyo saa ya muongo, na mimi nilikua nikiona hivyohivyo. Ofisini nilivumilia saa ya ukutani kama unavyomvumilia mgeni mwenye tabia za kwao. Lakini kile kifaa kilikuwa changu. Siku ile kule Bura, kilipofufuka na kuniuliza saa, ilikuwa saa nane na nusu mchana. Nikaandika nane na nusu. Nilifanya hivyo makusudi, kwa usahihi, na nikafurahi, kwa sababu hatimaye nilikuwa na chombo cha serikali kinachosema kweli. Hata tarehe yake ilibadilika alfajiri jua likichomoza, badala ya kubadilika wakati watu wamelala. Nililiona hilo kuwa jambo la busara.

Sasa eleweni kompyuta. Kompyuta ina sheria moja ya kuamua inapokuta habari mbili tofauti za mtu mmoja: iliyoandikwa baadaye ndiyo inayobaki. Mwende akifungua orodha yake saa mbili asubuhi, kompyuta inagonga muhuri kwa kila mgonjwa: nane kamili. Mimi nikimwandika Hubi saa tatu, kifaa changu kinagonga muhuri: tatu kamili. Tukiunga waya, kompyuta inaona kwamba Mwende ameandika saa nane na mimi nimeandika saa tatu, yaani kabla yake, usiku wa manane, wakati hata wachawi wamelala. Inanifuta. Lakini mgonjwa wa Bura nilimfikia saa tisa au saa kumi alasiri; muhuri wangu ukasoma tisa au kumi, ukapita ule wa Mwende, ukashinda. Kompyuta haikumpenda mtu yeyote. Mimi nilikuwa nyuma yake kwa saa sita, kila siku, kwa miezi minne, na saa yangu ilikuwa sahihi.

Niliwaeleza wote wawili. Mwende aliweka paji la uso juu ya kibodi, juu ya pakiti za Hubi, na mabega yake yakatikisika kwa kicheko. Hubi alingoja nimalize.

"Kwa hiyo mimi sikupotea," akasema. "Ni wewe uliyepotea."

"Ni mimi."

"Haye. Basi mwambie daktari."

Ilikuwa rahisi kwake kusema. Daktari hakujua lolote kuhusu saa. Kwake ilikuwa hitilafu ya mtambo, na ningeweza kuiacha ibaki hivyo. Lakini hitilafu ya mtambo isingempa Hubi barua. Daktari angetaka ushahidi kwamba ziara zilifanyika, na ziara hazikuwa na shahidi mwingine isipokuwa mtu aliyezifuta.

Tukaifanya kazi ile siku nzima. Mwende alileta daftari lake la kabati, lile la dawa zinazotoka bila mwenyewe, na tukahesabu mafungu ya Hubi moja moja. Wiki aliyopungukiwa Mwende ndiyo wiki aliyokuwa na fungu Hubi. Yalilingana yote. Tulipomaliza na Hubi tukawafanyia wagonjwa wengine wote wekundu kwenye jedwali langu, na jedwali lile, kwa mara ya kwanza tangu nilitengeneze, likawa na faida kwa mtu. Kisha nikaandika karatasi moja, bila mapambo: mimi, Noor, niliweka saa ya kifaa kwa hesabu ya Kiswahili, nikaona kumbukumbu zinapotea, na sikuripoti kwa sababu nilitaka kugundua chanzo peke yangu.

Daktari aliisoma mara mbili.

"Unajua hii itawekwa kwenye faili lako."

"Faili langu nimelibeba miaka mingi, daktari. Najua lina nafasi."

Alichezea kalamu. Akauliza, "Saa nane na nusu, ukaandika nane na nusu?" Nikasema ndiyo. Akatazama dirishani muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, mdomo umebanwa, kisha akaipiga muhuri barua ya Hubi.

Vijana, sikuwaandikia yote haya ili niwaambie mwangalie saa. Simu zenu zinajiangalia. Nawaambia hivi: mkiwa na tatizo ambalo mgonjwa analilipia, lisemeni siku hiyohiyo, hata mkionekana wajinga. Ujinga wa siku moja unachekwa mara moja. Mimi wangu niliulea miezi minne, ukanenepa.

Barua peke yake haikutosha sokoni. Kesho yake asubuhi Hubi alikuja kutuchukua, mimi na Mwende wote wawili, Mwende na daftari lake la kabati kwapani. Mkubwa wa safu ya maziwa alikuwa Dahabo, bibi mwenye macho yenye majimaji na sauti kavu. Nikamsomea barua, nikaitafsiri. Akasikiliza.

"Kwa nini walisema alipotea?"

Hubi akanisukuma kwa kiwiko. "Mwambie, abti."

Nikamwambia Dahabo, kwa Kisomali, mbele ya safu nzima, habari ya saa mbili inayosema mbili. Nilidhani itachukua muda kueleweka. Haikuchukua. Kicheko kilianzia mwisho wa safu kwa mwanamke mmoja mnene, kikaja kikiruka jerikeni hadi jerikeni, mpaka wapita njia wakasimama. Mmoja akauliza kama nikifunga Ramadhani nafuturu mchana. Mwingine akasema sasa ameelewa kwa nini wanaume wa ukoo wetu huchelewa kuoa.

Dahabo hakucheka. Alisubiri kitulie. Kisha akavuta jerikeni ya Hubi, ile iliyokaa tupu miezi yote na ambayo asubuhi hiyo ilikuwa imefukizwa moshi na kujazwa maziwa, akamimina kwenye kikombe cha Hubi mwenyewe. Si chake, cha Hubi. Watu wote wakaona ni kikombe cha nani. Akanywa polepole mpaka nusu, akafuta mdomo kwa ncha ya mtandio, akampa aliyekaa kando yake. Naye akanywa, akapitisha. Kikombe kikaenda mkono kwa mkono, kikajazwa, kikaenda tena, na yule mwanamke aliyeitaka ile nafasi, aliyekuwa amesimama pembeni na jerikeni zake, akakipokea, akakitazama, akanywa naye. Hubi alikaa chini mahali pake. Alishusha baibui juu ya magoti, akaisogeza jerikeni kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka ikakaa alivyotaka.

Mimi nilinyoosha mkono, maana kikombe kilikuwa kimenikaribia. Hubi akakichukua juu ya mkono wangu, akampa Mwende.

"Wewe yako ni saa sita, abti," akasema, kwa Kiswahili, ili Mwende asikie.

Nikamtazama Mwende anisaidie. Alimaanisha adhuhuri, au alimaanisha ningoje muda wa saa sita? Lakini Mwende alikuwa ameinama juu ya daftari lake kwa kicheko, kikombe kinamwagika, na hakuwa na hali ya kumsaidia mtu. Nikavuta kigoda, nikakaa, nikangoja.